Printa ya CD ya bei nafuu: ilitoka wapi, na utaichagua vipi?

Kuna swali moja ambalo bado naulizwa, hata sasa ambapo kompyuta nyingi mpya zinauzwa bila mahali pa kuingizia CD: ni printa gani ya bei nafuu inayoweza kuchapisha moja kwa moja juu ya CD au DVD? Wanaouliza ni wapiga video za harusi, viongozi wa kwaya na wasanii wa injili wanaorekodi kwenye studio ndogo. Kwao hili si swali la urembo. Mtu anayetaka kuuza nakala mia moja baada ya ibada anajua kwamba mnunuzi hutazama sura ya diski kabla ya kusikia sauti iliyomo.

Ningeweza kutaja modeli moja na kufunga mjadala. Lakini modeli hubadilika, na anayekariri jina la printa huachwa nyuma printa hiyo inapoondolewa madukani. Naona ni afadhali nikueleze historia ya kifaa hiki, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu unachohitaji kujua kabla ya kutoa pesa mfukoni.

Mwanzo ulikuwa karatasi

Kuandika jina juu ya sahani ya muziki ni jambo la zamani kuliko CD. Santuri za kwanza za Emile Berliner ziliandikwa kwa kuchongwa katikati ya sahani yenyewe. Takriban mwaka 1900, Eldridge Johnson wa Marekani alianza kutumia lebo ya karatasi, na desturi hiyo ikaenea. Siti binti Saad aliposafiri kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV, lebo ya karatasi katikati ya santuri ilikuwa jambo la kawaida duniani.

Kwenye santuri za vinili za baadaye, lebo haikubandikwa kwa gundi. Iliwekwa ndani ya mashine pamoja na vinili yenye joto, vikakandamizwa pamoja hadi vikawa kitu kimoja. Shika hapo, kwa maana baadaye watu walijaribu kubandika karatasi kwa gundi juu ya CD, na mambo hayakwenda vizuri.

CD na udhaifu wake wa mgongoni

CD ilitokana na kazi ya Philips na Sony. Viwango vyake viliwekwa mwaka 1980, na ilianza kuuzwa Japani mwezi Oktoba 1982. Upana wake ni milimita 120, unene milimita 1.2, na tundu la katikati lina milimita 15. Vipimo hivyo havijabadilika. DVD na Blu-ray zilipokuja zilitumia umbo lilelile.

Watu wengi huogopa kukwaruza upande unaong'aa, ule unaosomwa na leza. Ukweli ni kwamba kwenye CD upande dhaifu zaidi ni ule wa juu, wenye maandishi. Leza hupita ndani ya plastiki ya polikaboneti yenye unene wa zaidi ya milimita moja kabla ya kufikia data. Lakini upande wa juu, data na tabaka la alumini vimefunikwa kwa laki yenye unene wa mikroni chache tu, kisha wino wa lebo. Mkwaruzo wa chini unaweza kusuguliwa ukatoka. Mkwaruzo wa juu ukifika kwenye alumini, data imekwenda na hairudi. DVD ni tofauti kidogo: data yake iko katikati, kati ya vipande viwili vya plastiki vyenye unene wa milimita 0.6 kila kimoja.

Viwandani tatizo hili lilitatuliwa mapema. Lebo zilichapishwa kwa skrini ya hariri au kwa ofseti. Kwa njia ya skrini, kila rangi ilihitaji skrini yake, na kuandaa skrini hizo kuligharimu kiasi kilekile uchapishe diski kumi au elfu kumi. Ndiyo sababu viwanda havikupenda oda ndogo. Msanii aliyetaka nakala hamsini tu hakuwa na mlango wa kubisha.

Maka, stika na mashine za ofisini

Mlango ulifunguliwa na CD-R, diski unayoweza kuichoma mwenyewe. Mwanzoni vifaa vya kuchomea vilikuwa vya makampuni makubwa tu. Mwaka 1995 HP ilitoa kichomeo cha 4020i kilichouzwa kwa chini kidogo ya dola 1,000, na kuanzia hapo bei ziliporomoka mwaka hadi mwaka. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000, hata saiba nyingi za Nairobi zilikuwa zinachoma CD kwa wateja.

Lakini ukishachoma, unaandika nini juu yake? Jibu la kwanza lilikuwa maka. Jibu la pili lilikuwa stika: unachapisha duara la karatasi kwa printa ya kawaida, unalibandika juu ya diski na kuomba Mungu likae katikati. Likikaa pembeni kidogo, uzito wa diski hauko sawa tena. Kwenye redio inayozungusha CD mara 200 hadi 500 kwa dakika hutasikia tofauti. Kwenye kompyuta yenye kasi ya 52x, ambapo mzunguko hufika takriban mara 10,000 kwa dakika, diski hutetemeka na kupiga kelele kama posho mill. Tena gundi hukauka na karatasi hujikunja kwa joto na unyevu, na ukijaribu kuibandua inaweza kuondoka na alumini. Mwaka 2003 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo wa kutunza CD na DVD ulioandikwa na Fred Byers. Ushauri wake ulikuwa wazi: usibandike stika kwenye diski unayotaka idumu, na ukitumia kalamu, iwe ya ncha laini yenye wino wa maji.

Wakati huo huo, makampuni kama Primera na Rimage, yote ya jimbo la Minnesota, yaliuza mashine maalum za kuchapisha juu ya diski. Zilifanya kazi nzuri, lakini zilitengenezewa ofisi, maabara na studio zenye bajeti. Mpiga video wa mtaani alizitazama kwenye picha tu.

Trei ya plastiki yashusha bei

Hapa ndipo historia yenyewe inapopamba moto. Kilichofanya uchapishaji wa diski ufike nyumbani ni vitu viwili vya kawaida kabisa: rangi nyeupe na kipande cha plastiki.

Rangi nyeupe ni lile tabaka lililopakwa juu ya diski ili linywe wino wa maji. Bila tabaka hilo, wino wa printa ya kawaida hubaki juu ya laki kama maji kwenye jani la mgomba. Diski za kwanza za aina hii zilipakwa sehemu tu, zikaacha duara kubwa tupu katikati. Baadaye zikaja zilizopakwa hadi karibu na tundu, ndizo zinazotoa sura nzuri zaidi.

Kipande cha plastiki ni trei. Printa nyingi za wino hukunja karatasi inapopita ndani, na diski haikunjiki. Epson walitengeneza printa za picha zenye njia iliyonyooka kutoka mbele. Unalaza diski kwenye trei nyembamba yenye shimo la duara, unaisukuma trei ndani, na kihisi cha printa kinasoma alama zilizo juu ya trei ili kujua diski iko wapi. Baada ya hapo printa inafanya kazi yake ya siku zote, ila badala ya karatasi kuna diski.

Ukiangalia vizuri utaona werevu wake. Hakuna mota mpya wala mkono wa roboti. Kwa mtengenezaji, hii ni nyongeza ndogo kwenye printa ambayo tayari ilikuwa ikiuzwa kwa wapenda picha. Stylus Photo 950 na 900 zilikuwa miongoni mwa zile za mwanzo kufika sokoni miaka hiyo ya 2002 na 2003. Kisha zikaja R200 na R300, zenye rangi sita, kila rangi na katriji yake. R200 ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 99. Kazi iliyokuwa ya mashine za ofisini ikawa kwenye printa ambayo bei yake ilikuwa moja ya kumi ya kile kichomeo cha 1995!

Wenzangu wa programu huria hawakuachwa nyuma. Gutenprint, mkusanyiko wa draiva za printa zinazotumika kwenye Linux, ulipata chaguo la kuchapisha juu ya CD, hivyo hata aliyekuwa na Ubuntu aliweza kuitumia trei hiyo.

Kipengele kilichokuwepo lakini kikafichwa

Canon nao walikuwa na trei kwenye printa zao za PIXMA, kama ile iP4000. Lakini ukiinunua Ulaya au Japani ulipata trei, na ukiinunua Marekani hukupata. Sababu iliyotajwa sana ilikuwa hataza, yaani haki za kisheria za uvumbuzi. Watu wakagundua kwamba tofauti ilikuwa ndogo mno. Walinunua trei kutoka nje, wakaingia kwenye hali ya fundi kwa kubonyeza vitufe kwa mpangilio fulani, wakabadilisha eneo la printa, na kipengele kikafunguka. Ilipofika mwaka 2010, Canon walianza kuuza Marekani printa kama MG5220 zikiwa na trei yake.

Mimi kama mwandishi wa programu napenda sana kisa hiki, kwa sababu kinaonyesha kwamba uwezo wa kifaa si lazima uwe ule ulioandikwa kwenye boksi. Kwa mnunuzi wa Kenya somo ni la vitendo. Printa zinazotufikia hutoka masoko mbalimbali, nyingine zikiwa mitumba. Jina la modeli peke yake halitoshi. Fungua mlango wa mbele, uone njia ya trei ipo, na uhakikishe trei yenyewe imo ndani ya boksi. Kila aina ina trei yake, na ya jirani haitaingia.

Leza yajaribu kuondoa wino kabisa

Kulikuwa na njia nyingine iliyoonekana nafuu kupita zote: kutumia leza ileile ya kuchomea data. Yamaha walianza mwaka 2002 na kichomeo cha CRW-F1, kilichochora picha upande wa chini, kwenye nafasi isiyotumika. Mwaka 2004 HP wakatangaza LightScribe. Ulichoma data, ukageuza diski juu chini, na leza ikachora lebo kwenye kemikali maalum. Mwaka 2005 Yamaha na Fujifilm wakaleta Labelflash, iliyochora kwa rangi ya samawati.

Hapakuwa na wino wala stika, wala printa ya kununua. Kwa nini basi hazikudumu? Kwanza, zilichora kwa rangi moja tu. Pili, lebo kamili ingeweza kuchukua nusu saa au karibu na hapo, na mtu mwenye nakala mia hana masaa hayo. Tatu, zilihitaji diski za aina yake, ghali kuliko za kawaida. Nne, lebo ya LightScribe ilififia ikikaa kwenye mwanga. Kufikia mwaka 2013 HP walikuwa wameachana nayo. Njia iliyoonekana ya bure ilidai malipo yake kwa muda na kwa diski.

Bei ya kweli ilikuwa kwenye wino

Turudi kwenye ile printa ya dola 99. Watengenezaji hawakuwa wakitoa sadaka. Faida ilikuwa kwenye katriji, na katriji zilikuwa na chipu iliyohesabu wino na kukuzuia kuendelea. Diski iliyofunikwa na picha yenye rangi nzito hunywa wino mwingi, na printa ya rangi sita hutumia wino wa ziada kila inapojisafisha.

Watumiaji wakajitafutia dawa. Mafundi, hasa Asia, walitoboa, wakaunganisha mipira midogo na chupa za wino pembeni ya printa, nayo ikachapisha bila kukoma. Epson waliliona soko hilo, na mwaka 2010 wakatoa Indonesia printa za L100 na L200 zilizokuja na matangi ya wino kutoka kiwandani. Unalipa zaidi siku ya kununua, unalipa kidogo kila siku inayofuata. Muda si mrefu ikaja L800, yenye rangi sita, matangi, na ile trei ya CD. Kwangu mimi hiyo ndiyo printa ya kwanza iliyostahili kuitwa nafuu kwa mtu anayechapisha kama biashara.

Tufanye hesabu kidogo, kwa namba za mfano tu. Tuseme printa ya katriji ni shilingi 20,000 na wino wake ni shilingi 40 kwa diski. Tuseme ya matangi ni shilingi 45,000 na wino wake ni shilingi 5 kwa diski. Tofauti ya bei ni 25,000, na kwa kila diski unaokoa 35. Gawanya, utapata takriban diski 715. Ukitarajia kuchapisha chini ya hapo, ya katriji ndiyo rahisi. Ukitarajia zaidi, ile iliyoonekana ghali ndiyo nafuu. Weka bei za dukani kwako kisha upige hesabu upya kabla ya kwenda mjini.

Sura nzuri na swali la uhalali

Miaka ile River Road, palipokuwa na shughuli nyingi za kutengeneza na kuuza muziki na filamu za hapa kwetu, wanunuzi walikuwa na kipimo chao. CD iliyoandikwa kwa maka tuliiona ya wizi, na yenye picha ya rangi tuliiona halali. Trei ya plastiki ilivuruga kipimo hicho. Msanii mdogo alipata uwezo wa kutoa kazi yenye heshima, na mwizi akapata uwezo uleule kwa bei ileile.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 ilikuwa na jibu lake: kazi za sauti na za video zinazouzwa zibandikwe alama maalum ya kuzuia uharamia, chini ya bodi ya hakimiliki, KECOBO. Tanzania nayo ilianza mwaka 2013 kutumia stempu za kodi kwenye bidhaa za muziki na filamu. Ukitafakari, hayo ni maungamo kwamba uso wa diski haukuwa tena ushahidi wa chochote. Uthibitisho ulihamia kwenye kipande kidogo ambacho printa ya nyumbani haikutakiwa kuweza kukiiga.

Trei yapata ajira nyingine

Kisha soko likahama. YouTube ilianza mwaka 2005, mkongo wa SEACOM ukafika Mombasa mwaka 2009, na Apple wakatoa MacBook Air bila sehemu ya CD mwaka 2008. Taiyo Yuden ya Japani, iliyoshiriki kuizaa CD-R, iliacha kutengeneza diski mwishoni mwa mwaka 2015.

Ungetarajia trei ife pamoja na diski, lakini haikufa. Watu waligundua kwamba njia iliyonyooka inayopitisha diski ya milimita 1.2 inaweza pia kupitisha kadi ya plastiki iliyopakwa tabaka la kunywa wino. Trei za kadi zikatengenezwa kwa ajili ya L800 na mdogo wake L805, na vitambulisho vya shule, makanisa na kampuni vikaanza kutoka kwenye printa hizo. Epson wenyewe waliukubali ukweli huo: L8050 imetengenezwa kuchapisha juu ya diski na pia juu ya kadi za PVC.

Basi uchague ipi?

Kutokana na historia hii, haya ndiyo ninayowaambia wanaoniuliza:

1. Anza na idadi. Kama ni diski ishirini kwa mwaka, usinunue printa. Mtafute mwenye nayo umlipe.

2. Ukinunua, chagua yenye trei ya diski na matangi ya wino, na uulize kama inakubali kadi pia. Siku maombi ya DVD yakikauka, kadi zitalipa deni la printa.

3. Nunua diski zenye uso mweupe wa kuchapishiwa, na ujaribu chache kabla ya kununua hamsini. Kwenye programu, weka kipimo cha duara la ndani kilingane na diski yako. Wino ukitoka nje ya eneo jeupe hautakauka.

4. Choma data kwanza, jaribu kuicheza, ndipo uchapishe. Alama za vidole na vumbi vikiingia wakati wa kuchapisha vinaweza kuharibu uchomaji.

5. Acha diski zikauke kwa saa 24, mbali na jua. Wino wa maji hauvumilii kidole chenye jasho. Ukitaka unaostahimili zaidi, tafuta diski zenye uso wa kung'aa unaozuia maji.

6. Usiiache printa ya rangi sita ikae miezi bila kazi. Wino hukauka kwenye vichwa vyake, hasa penye joto na vumbi, na kuvisafisha hula wino uliounuliwa kwa pesa. Chapisha ukurasa mmoja wa rangi kila wiki.

Tangu karatasi ya mwaka 1900 hadi kadi ya shule ya leo, kila njia iliyodumu ni ile iliyomruhusu mtu mdogo kutoa kitu chenye jina lake bila kupitia kiwandani. Mwimbaji wa kwaya aliyeshika DVD yenye picha ya kwaya yao hashiki plastiki ya bei rahisi tu. Anashika kazi yao, na ana haki ya kuona imeandikwa vizuri.

Nakutakia uchapishaji mwema.